Shajara ya mradi: kupima na kusafisha nozeli nne za Corolla AE100, Mbeya

Gari ni Toyota Corolla AE100 yenye injini 5A-FE, cc 1,498, silinda nne, distributa, na mfumo wa petroli wenye bomba la kurudisha tenkini. Asubuhi halishiki mpaka stata ipigwe mara tatu au nne, na likishika linatoa moshi mweusi kidogo. Likiwa saileni (injini inawaka bila kukanyagwa mafuta) linatetemeka kiasi kwamba kioo cha ndani hakionyeshi kitu. Kupanda Mlima Nyoka kwa gia ya tatu linakosa pumzi na kurukaruka. Plagi, waya za plagi na kifuniko cha distributa vilishabadilishwa bila mafanikio. Tenkini zilimiminwa chupa mbili za dawa ya kusafishia nozeli (vinyunyizio vinavyoingiza petroli kwenye injini), nazo hazikusaidia. Dawa ya aina hiyo ikikuta tenki chafu hulegeza uchafu wa chini na kuusogeza mbele kwenye chujio, kwa hiyo wakati mwingine gari huwa baya zaidi.

Utaratibu wa mradi: kila nozeli ipate namba zake kabla ya kuguswa na dawa yoyote, kisha ipimwe tena kwa vipimo vilevile. Nozeli ikishasafishwa bila kupimwa, huwezi tena kujua ilikuwa na ugonjwa gani.

Siku ya 1: vipimo juu ya gari

Tulianza na kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, kwa sababu silinda iliyochoka hujifanya nozeli mbovu. Injini moto, plagi zote nje, throtoli wazi kabisa: 150, 152, 148, 150 PSI. Anayesoma kitabu atashtuka, maana injini ya namna hii ikiwa nzima hutarajiwa kukaribia 190. Lakini namba ya kitabu ni ya usawa wa bahari. Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700, hewa ina mgandamizo wa kama kPa 82 badala ya 101, na injini inayovuta hewa nyepesi hukandamiza hewa nyepesi. Kwa hesabu hiyo, injini mpya hapa ingetoa kama 154. Hii ya kwetu ni nzima, na muhimu zaidi silinda zinalingana. Kuna injini nyingi nyanda za juu zimefunguliwa bure kwa sababu ya namba hii moja.

Umeme. Tulichomoa soketi za nozeli na kupima ukinzani. Kitabu kinasema ohm 13.4 hadi 14.2 kwa nyuzi 20. Sisi tulipata 13.3, 13.3, 13.2, 13.4. Zinaonekana chini ya kiwango, lakini ilikuwa saa moja asubuhi na karakana ina nyuzi 11. Waya wa shaba hupungukiwa ukinzani kwa karibu asilimia 0.4 kila nyuzi moja ya baridi, kwa hiyo 13.3 kwa nyuzi 11 ni sawa na 13.8 kwa nyuzi 20. Koili zote nzima. Taa ndogo ya majaribio kwenye kila soketi iliwaka na kuzima wakati wa kupiga stata, maana yake kontrol boksi (kompyuta ya injini) inatuma ishara na waya hazijakatika.

Kisha tulichomoa soketi moja moja injini ikiwa saileni, mzunguko 750 kwa dakika. Soma mshuko wa papo hapo, kwa sababu vali ya saileni hurudisha mzunguko ndani ya sekunde chache na kukudanganya. Silinda ya 1 ilishuka kwa 120, ya 2 kwa 110, ya 3 kwa 30 tu, ya 4 kwa 60. Ya 3 karibu haifanyi kazi na ya 4 inafanya nusu.

Tulipulizia maji kwa chupa ya mnyunyizo kwenye shina la kila nozeli. Wengine hutumia dawa ya kabureta kwa kipimo hiki, juu ya injini ya moto. Maji yanatosha na hayawaki. Kwenye shina la nozeli ya 3 mlio wa injini ulibadilika: pete ya mpira ya chini imekuwa ngumu na inapitisha hewa. Kwa hiyo silinda ya 3 ina umaskini wa petroli wa aina mbili, na kusafisha nozeli peke yake kusingeuponya.

Siku ya 1, mchana: presha

Geji iliungwa kwenye mlango wa reli, bomba linalogawa petroli kwa nozeli zote nne. Pampu iliwashwa bila kuwasha injini: swichi on, kisha waya mfupi kutoka tundu la +B kwenda tundu la FP ndani ya kiboksi cha uchunguzi kilicho kwenye injini. Mpira wa vakyumu (mvuto wa hewa ya injini) wa regyuleta, kifaa kinachodhibiti presha ya petroli, ukiwa umechomolewa, geji ilisoma kilo 2.9 kwa sentimita mraba. Kiwango ni 2.7 hadi 3.1 (PSI 38 hadi 44). Injini ikiwa saileni na mpira umerudishwa, 2.5. Presha hii ya pili hushuka kwa kiasi cha vakyumu, na Mbeya vakyumu ni ndogo kuliko Dar es Salaam kwa kama inchi tano za zebaki. Usitegemee ishuke kama huko pwani.

Tatizo lilionekana baada ya kuzima. Presha inatakiwa ibaki juu ya kilo 1.5 kwa dakika tano. Ilianguka hadi 0.7. Hapo kuna washukiwa watatu: vali ya kuzuia ndani ya pampu, regyuleta, au nozeli inayovuja. Tuliwatenganisha hivi: pandisha presha, zima pampu, kisha bana mipira kwa kibanio laini. Ukibana wa kurudisha na presha ikasimama, regyuleta ndiyo mbovu. Ukibana wa kuleta ikasimama, ni pampu. Tulibana yote miwili na bado ilishuka, na nje hapakuwa na unyevu wowote kwenye maungio. Petroli ilikuwa inaingia ndani ya injini kupitia nozeli. Hiyo ndiyo sababu ya stata ndefu na moshi mweusi wa asubuhi: reli tupu, manifoldi yenye dimbwi.

Usibane mpira wa kurudisha pampu ikiwa inazunguka mpaka uwe na sababu. Presha hupanda hadi karibu kilo 4 mara moja, na mpira wa zamani unaweza kupasuka.

Kipimo cha mwisho: sensa ya oksijeni, inayosoma moshi wa ekzosi ili kujua kama petroli ni nyingi au kidogo, injini moto, mzunguko 2,500. Volti zinatakiwa zivuke kati ya chini na juu mara nane au zaidi kwa sekunde kumi. Zilivuka mara tatu.

Siku ya 2: kushusha reli

Betri nje, upande wa hasi kwanza. Presha ilitolewa kwa kulegeza bolti ya muungano taratibu huku kitambaa kimeizunguka. Soketi nne, mpira wa vakyumu, mpira wa hewa ya tapeti, mpira wa kurudisha, kisha bolti mbili za reli, spana 12. Kabla ya kuvuta, pulizia hewa kwenye mashina ya nozeli, maana mchanga ukiingia kwenye tundu unakwenda moja kwa moja juu ya vali. Reli huvutwa sawasawa pande zote mbili. Ukiinua upande mmoja kwanza unavunja ncha ya plastiki ya nozeli ya upande wa pili. Hesabu vikalio viwili vya reli na pete nne za chini, kwa sababu hupenda kubaki kwenye injini na kusahaulika. Matundu yalizibwa kwa vitambaa visivyotoa nyuzi. Kila nozeli ilifungwa kikaratasi cha namba yake.

Pete za chini zilikuwa ngumu kama kwato. Ya namba 3 ilikuwa na ufa.

Siku ya 3: benchi

Benchi ni ndoo yenye lita 3 za mafuta ya taa yaliyochujwa, pampu ya petroli ya nje, filta mpya, reli na regyuleta ya gari lenyewe, geji, na mitungi minne ya mililita 100 yenye mistari. Tunatumia mafuta ya taa kwa sababu mvuke wake hauwaki kirahisi kama wa petroli, ingawa mnyunyizo wake nao unawaka. Kwa hiyo kazi ilifanyika nje, swichi ya umeme ikiwa mita mbili mbali, mtungi wa kuzimia moto wa unga karibu. Mafuta ya taa ni mazito kuliko petroli, hivyo ujazo hupungua kwa karibu asilimia 4. Usiyalinganishe na kitabu kwa mililita ya mwisho. Linganisha nozeli na nozeli.

Presha ilishikiliwa 2.9. Kipimo cha kwanza: nozeli wazi mfululizo kwa sekunde 15. Nozeli hizi zina ukinzani mkubwa na zinaweza kupokea volti 12 moja kwa moja kwa muda huo. Zile za ohm 2 au 3 zitaungua bila rezista. Na kamwe usizigongeshe zikiwa kavu.

Namba 1: mililita 44. Namba 2: 44. Namba 3: 35. Namba 4: 43.

Mafundi wengi huishia hapa, na hapa namba 4 imefaulu. Lakini gari halifungui nozeli sekunde 15 mfululizo. Saileni inafungua kwa milisekunde chache na kufunga. Kwa hiyo kipimo cha pili kilitumia saketi ndogo ya kuwasha na kuzima umeme haraka, yenye taima 555 na transista ya nguvu, mipigo 5,000 ya milisekunde 3, mmoja kila milisekunde 20. Ukizidisha, muda wa umeme ni sekunde 15 zilezile. Tofauti kati ya namba hizi na za kwanza ni muda unaopotea pini ya ndani, ile inayofungua na kufunga nozeli, ikijinyanyua kutoka kwenye kiti.

Namba 1: 30. Namba 2: 30. Namba 3: 24. Namba 4: 22.

Gawanya kipimo cha pili kwa cha kwanza. Namba 1 na 2 zinatoa 0.68. Namba 3 inatoa 0.69, yaani pini yake inanyanyuka kwa wakati. Njia tu ndiyo nyembamba, kwa hiyo tazama chujio dogo la juu. Namba 4 inatoa 0.51. Njia yake iko wazi lakini pini inanata na kuchelewa karibu nusu milisekunde kila mpigo. Kwenye mwendo mkubwa nusu milisekunde haionekani. Saileni, ambapo nozeli yote inafunguka kwa milisekunde mbili au tatu, hiyo ni robo ya petroli. Magonjwa mawili tofauti, na tiba yake si moja.

Kisha uvujaji: presha juu, nozeli zimefungwa, kwa dakika moja. Tunakubali tone moja. Namba 1, 3 na 4 zilikuwa kavu. Namba 2, ile iliyotoa namba nzuri kuliko zote, ilidondosha matone tisa.

Mnyunyizo kwa macho, ukiwa na kitambaa cheusi nyuma: 1 na 2 zinatoa koni laini. Namba 3 koni nyembamba. Namba 4 inatema uzi mmoja uliopinda kushoto, kisha koni baada ya mipigo kadhaa.

Siku ya 4: kusafisha

Vichujio vidogo vya juu vilitolewa kwa skrubu nyembamba: izungushe mizunguko miwili ndani ya chujio, kisha vuta kwa koleo bila kupinda. Cha namba 3 kilikuwa kimejaa unga wa kahawia kama ugoro. Ukiusugua kidoleni unakwaruza, basi ni kutu. Vichujio havisafishwi, hutupwa. Pete na oringi zote nazo zilitupwa.

Nozeli zilisimamishwa kwenye mashine ya mawimbi ya sauti, kilohezi 40, dawa ya nozeli kwa nyuzi 50, ncha tu ndani ya dawa na soketi ya umeme ikibaki juu kavu. Mashine ya namna hii haitiwi petroli wala tina hata siku moja. Dakika kumi, mara tatu, huku nozeli zikipigwa mipigo muda wote. Mipigo ndiyo nusu ya kazi: pini isipotembea, mawimbi husafisha nje ya kiti na kuacha ndani. Katikati ya kila duru tulisukuma mafuta ya taa kinyumenyume, kutoka ncha kwenda juu, kwa kilo 2. Kinyume ni lazima, la sivyo uchafu uliolegea unarudi kukaa juu ya pini.

Tundu la ncha haliguswi kwa waya, sindano wala brashi ya chuma. Mkwaruzo usioonekana kwa jicho unatosha kupindisha mnyunyizo, na hakuna dawa inayourudisha.

Dawa yenye maji ikibaki usiku kucha ndani ya nozeli huanzisha kutu. Mara tu zilipotoka zilipitishiwa mafuta ya taa kwa dakika moja, zikiwa zinapiga.

Siku ya 5: kupima tena

Sekunde 15: 44, 44, 43, 44. Mipigo 5,000: 30, 30, 29, 27. Matone ya namba 2: sita.

Namba 3 imepona. Namba 4 imepanda kutoka 22 hadi 27, bado iko nyuma, ikarudishwa kwenye mashine duru mbili nyingine na kufika 29. Tofauti ya mililita moja tunaikubali. Namba 2 ilirudishwa pia, na matone yakabaki sita. Uvujaji usiopungua baada ya duru tano hautokani na uchafu.

Nozeli za kubadilisha zilitafutwa Sido, Mwanjelwa, hapa Mbeya, kwa wauza spea za kukata (zilizotolewa kwenye magari yaliyotumika). Vigezo: namba ya Denso iliyochapwa kwenye kiwiliwili iwe ileile, rangi ya plastiki ileile, soketi ileile, ukinzani upimwe hapohapo. Zilichukuliwa tatu ili ichaguliwe moja. Baada ya kusafishwa zilitoa (sekunde 15/mipigo 5,000) 44/30 bila tone, 47/33 bila tone, na 41/28 yenye matone mawili. Ya pili inavutia kwa sababu inatoa nyingi, lakini ingefanya silinda moja iwe tajiri kuliko wenzake, na kontrol boksi ina sensa moja ya oksijeni kwa silinda zote nne. Haijui nani kazidisha. Ilifungwa ya kwanza.

Siku hiyohiyo tenki lilifunguliwa, maana kutu ya namba 3 ilitoka mahali. Kiti cha nyuma kinainuliwa, kifuniko cha pampu kiko chini yake. Soksi ya pampu ilikuwa nyeusi. Petroli ilinyonywa yote na chini yake kulikuwa na maji kama nusu glasi na mchanga mwekundu wa kutu. Tenki lilishushwa, likaoshwa na kukaushwa. Soksi mpya, filta mpya. Bila hatua hii vichujio vipya vingejaa tena ndani ya miezi michache.

Siku ya 6: kufunga

Vichujio vipya viligongwa kidogo kwa soketi yenye upana wa ukingo wake mpaka vikae. Oringi ziwe za kustahimili petroli. Oringi za kawaida za boksi la rangirangi huvimba, na baada ya wiki mbili unanusa petroli ndani ya gari. Kila oringi ilipakwa petroli kidogo. Grisi na silikoni hapana. Nozeli ikishaingia kwenye reli izungushe kwa mkono: ikigoma, oringi imejikunja, itoe. Rudia kuzungusha reli ikishakaa kwenye injini kabla ya kukaza. Bolti za reli Nm 15, bolti ya muungano Nm 29 na vishata (washa) viwili vipya.

Pampu iliwashwa kwa +B na FP, injini ikiwa imezimwa. Sasa ndiyo sababu ya kubana mpira wa kurudisha: presha ilipanda hadi 4, tukapitisha tochi na kidole kila ungio. Kavu kote.

Presha baada ya dakika tano: kutoka 2.9 hadi 2.3. Kuchomoa soketi moja moja: mshuko wa 130, 120, 125, 120. Sensa ya oksijeni: mivuko tisa kwa sekunde kumi. Maji mashinani: mlio haubadiliki.

Barabarani kutoka Uyole, Mlima Nyoka gia ya tatu, mzunguko 3,000, hakuna kuruka. Asubuhi iliyofuata, nyuzi 9, stata moja.

Baada ya kilomita 640

Plagi zilitolewa kutazamwa: zote nne rangi ya chai ya maziwa, ya 2 haina masizi tena. Presha baada ya dakika tano bado 2.3. Namba 4 itapimwa tena kwa mipigo baada ya kilomita 5,000. Nozeli iliyowahi kunata hurudia gari likisimama wiki kadhaa.

Nozeli ya zamani ya namba 2 ilikatwa kwa msumeno wa chuma na kutazamwa kwa lenzi. Pini inang'aa. Kiti chake kina shimo moja dogo la kutu, upande wa chini, pale ambapo maji ya tenki yalikuwa yakituama gari likiwa limesimama.